Jicho Moja la Mabula na Ndege Isiyopaa

Tak.

Kimya kidogo, halafu tena: tak. Sauti inatoka nyuma ya pazia la gunia, na mpita njia wa soko la Shinyanga anaweza kudhani kuna mtu anavunja karanga. Tak, tak. Kisha sauti ya mwanamume anayejisemea: "Hii imekubali. Hii nayo imekubali."

Pazia linaposogezwa, Mabula Jilala anaonekana ameinama mpaka pua inakaribia kugusa bamba la alumini. Ni Ijumaa, saa tatu asubuhi. Jua limeingia kwenye upenyo wa bati na kutua juu ya benchi, naye amesogeza stuli yake kulifuata. Likihama, atahama nalo. Jicho lake la kulia lilikufa miaka mingi iliyopita. La kushoto linakufa sasa.

Kidole chake kinatembea juu ya safu za swichi. Anashusha moja, tak, na taa ndogo inawaka.

"Hii ya taa za kutua," anasema. "Hii ya pampu ya mafuta. Hii sijui ya nini, lakini kwenye picha ipo, basi na hapa ipo."

Kitu kilicho mbele yake ni ubao wa rubani wa ndege kubwa ya abiria. Mabula ana miaka 47. Hajapanda ndege hata siku moja.

Majirani wameshazoea. Masele, anayeuza viatu vya mtumba kibanda cha pili, hawezi kupita bila kumchokoza.

"Rubani! Leo tunashuka wapi?"

"Tunashuka kwa mkweo," anajibu Mabula bila kuinua kichwa. "Tangulia ukaulize kama amepika."

Ndege hiyo haina mabawa wala injini. Imo ndani ya kompyuta, katika chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya ujenzi la mzee Dilip. Mwanawe, Nikhil, kijana wa miaka 24, huuza misumari na saruji mchana kutwa. Duka likifungwa, na umeme ukiwapo, hukaa mbele ya kioo cha kompyuta na kurusha ndege ya mchezo kutoka Mwanza hadi Nairobi, kutoka Nairobi hadi London.

Alitaka kurusha ya kweli. Baba yake alimpeleka Nairobi kwenye shule ya urubani, na huko akapimwa macho. Akaonyeshwa kitabu chenye nukta za rangi, akaulizwa anaona namba gani.

"Nikasema naona nukta tu," anasimulia Nikhil. "Daktari akafunga kitabu. Kwangu mimi nyekundu na kijani ni ndugu. Nilirudi Shinyanga kwa basi."

Mabula aliingia katika habari hii kwa sababu ya chai. Nikhil alimwagia kibodi ya kompyuta kikombe kizima, na mjini hapakuwa na fundi wa kompyuta. Palikuwa na fundi redio. Mabula aliifungua, akaikausha juani, akaisafisha kwa spiriti, akairudisha ikiwa nzima. Wakati wa kuijaribu alimkuta kijana akirusha ndege kwa kubonyeza herufi.

"Nikamuuliza, wewe ni rubani au karani? Mbona unapiga chapa angani?" anakumbuka Mabula. "Akacheka. Akanionyesha picha ya chumba cha rubani. Swichi kama nyota! Nikamwambia, hivi naweza."

Na kweli aliweza. Alichukua kibodi nyingine iliyokufa, akaitoa sakiti yake, akachomelea nyaya kwa risasi ya kuyeyusha kutoka kwenye vibonye hadi kwenye swichi alizokusanya kutoka trekta mbovu na mitambo ya kinu cha pamba. Kompyuta haijui imeguswa na nini. Inadhani bado kuna mtu anapiga chapa.

Bamba lenyewe amelikata kutoka bango la chama cha ushirika kilichokufa. Ukiligeuza nyuma utaona nusu ya ua la pamba, jeupe, limechorwa kwa rangi ya mafuta na mtu aliyeamini kwamba pamba ingetajirisha kila nyumba. Hivyo ndivyo mambo yalivyo huku. Matumaini ya jana yanakatwa kwa msumeno ili yatengenezewe ya leo.

Lakini kinachomfanya mtu asimame na kushangaa ni herufi. Chini na juu ya kila swichi kuna maneno ya Kiingereza, madogo kama punje za uwele, yaliyochongwa kwa tindo na nyundo ndogo. Yamenyooka kama yametoka kiwandani.

Mkono huo haukujifunza kwenye ndege. Ulijifunza kwenye sufuria.

Katika mji huu, mwanamke akinunua sufuria haipiki mpaka ipite kwa fundi kuchongwa jina. Sababu ni misiba na harusi. Siku ya msiba sufuria za mtaa mzima hukusanyika uwanja mmoja, na jioni kila mmoja hutafuta yake. Isiyo na jina huondoka na mwenye haraka. Kwa zaidi ya miaka kumi Mabula amekuwa akichonga MAMA FULANI na MAMA FULANI kwenye vitako vya sufuria za Shinyanga.

Mke wake, Mageni, anacheka kwa uchungu kidogo anapoulizwa juu ya hilo. "Za wenzangu zote zina majina. Zangu hazina. Kila nikimwambia, ananiambia kesho. Ile kubwa imepotea kwenye msiba wa shemeji yangu. Nilipoulizwa alama yake nikasema, mume wangu ni fundi. Wakacheka mpaka waliokuwa wanalia."

Kabla ya redio na sufuria, Mabula alikuwa mchimbaji. Alikwenda Geita akiwa na afya ya fahali, akazama katika duara moja kusini mwa mji, shimo jembamba ambalo watu waliingia kwa kamba na kutoka na mawe ya dhahabu, au wakatoka bila kitu, au hawakutoka.

Siku moja walitega baruti. Utambi ukawa kimya. Wakasubiri, wakachoka, na Mabula akatumwa kuchungulia.

"Nilichungulia," anasema, na kidole chake kinagusa kope la kulia.

Alipelekwa juu akiwa na jicho moja. Mwenye duara alimpa nauli. Mawe ya siku hiyo yalisagwa kama ya siku zote, dhahabu ikauzwa, ikaenda ilikokwenda. Siku hizi, mwaka huu wa 1999, ndege zinapita juu ya Shinyanga kuelekea Geita zikiwa na mashine na wageni. Mabula huzisikia kabla ya mtu yeyote mtaani. Huinua uso kuelekea mlio, na hazioni.

Jicho lililobaki lilianza kuona ukungu mwaka juzi. Hospitali ya Kolandoto walimpima wakamwambia ni presha ya macho. Walimpa dawa ya matone, na walimwambia ukweli wote: kilichokwisha kupotea hakirudi, na kilichobaki kinaweza kwenda pia. Anaona katikati tu, kama mtu anayetazama dunia kupitia bomba. Na bomba linazidi kuwa jembamba.

Kazi ya redio nayo inakauka. Zamani siku nzuri ilimpa shilingi elfu tatu. Sasa redio mpya za bei rahisi zimejaa sokoni, zikiharibika watu wanatupa, na siku nyingine elfu moja haifiki. Bamba la Nikhil limempa elfu arobaini kwa kazi ya miezi miwili, na sio fedha hiyo inayomfanya alifukuze jua juu ya benchi. Ni kesho yake.

Kesho, Jumamosi, atakuja Altaf. Huyo ni rubani wa kweli, rafiki wa familia ya Dilip, anayerusha ndege ndogo za kupeleka watu Geita. Ana marafiki Nairobi wenye michezo kama ya Nikhil na fedha za kuchezea. Akiridhika, atachukua mabamba matano.

Mabula ameshayapangia. Atanunua friji la mtumba, Mageni auze barafu na maji baridi sokoni. "Barafu haihitaji macho ya mume," anasema. "Nataka giza linikute nyumba ina kitu kinachonguruma."

*

Jumamosi mchana, chumba cha nyuma cha duka kinanukia rangi na ubani. Bamba limesimamishwa mbele ya kompyuta, linang'aa. Mabula amevaa shati lake la kanisani. Amekaa kwenye ukingo wa kiti, mikono juu ya magoti.

Altaf anaingia akipangusa jasho, anamwamkia: "Shikamoo, fundi."

"Marahaba, bwana rubani. Karibu ndegeni."

Altaf anacheka, anakaa. Anapitisha kiganja juu ya herufi.

"Nani amechonga hizi?"

"Mikono hii."

"Wallahi fundi, kazi hii ni nzuri." Kisha anatazama safu za swichi, anageuka kwa tabasamu. "Naona umeniwashia kila kitu tayari. Hata injini hukuniachia?"

"Hapana," anasema Mabula. "Zote zimezimwa. Nimezima mimi mwenyewe sasa hivi."

"Zimezimwa? Mbona ziko juu zote?"

"Ndiyo. Juu ni kuzima. Ukitaka kuwasha unashusha."

Tabasamu la Altaf linapungua taratibu. Anamtazama Nikhil. Nikhil anatazama bamba, kisha anainuka na kwenda ukutani. Anaweka kidole kwenye swichi ya taa ya chumba. Anaishusha. Taa inawaka.

Wote watatu wanatazama ukuta.

Katika nyumba zote za nchi hii, taa huwashwa kwa kushusha. Mabula alipoletewa picha ya chumba cha rubani, nakala ya nakala, nyeusi kama sufuria, aliona swichi lakini hakuona zimeelekea wapi; maneno aliandikiwa na Nikhil kwenye karatasi. Hakuuliza. Nani anauliza namna ya kuwasha taa? Na Nikhil, aliyerusha ndege mwaka mzima kwa vibonye, hakuwahi kushika swichi ya rubani kwa mkono wake. Alipolijaribu bamba wiki iliyopita, aliwasha kwa kushusha, kama alivyowasha taa za nyumba hii tangu utotoni, na akafurahi.

"Kwenye ndege ninazorusha mimi, na hiyo kubwa mliyoiiga, juu ndiyo kuwasha," anasema Altaf kwa upole. "Rubani hatazami, fundi. Uko ndani ya wingu, huoni kitu, mkono unapanda wenyewe. Mkono lazima ujue. Nikiwapelekea wenzangu hii, watacheka. Na mimi sitaki kazi hii ichekwe."

"Swichi nazigeuza leo leo," anasema Mabula. "Kulegeza nati tu, nusu mzunguko."

"Na maneno?"

Neno la kuwasha limechongwa chini ya kila swichi, la kuzima juu yake. Rangi hufutwa. Kilichochongwa hakifutiki.

"Tubandike karatasi juu ya maneno," anasema Nikhil.

Mabula anainua uso, na jicho lake moja linawaka kuliko taa zote za bamba. "Karatasi? Nimechonga majina ya wanawake wa mji huu mzima, Nikhil. Hakuna hata mmoja niliyembandikia karatasi."

Altaf anaahidi kupita tena kabla ya mvua kuanza. Likiwapo bamba jipya lenye maneno mahali pake, atalichukua na kuagiza mengine. Anampa Mabula mkono kwa heshima, kwa mikono miwili. Heshima hiyo inamuumiza Mabula kuliko tusi.

Nyumbani jioni, Mageni anasikiliza mkasa wote akichambua mchicha.

"Si uligeuze bamba lote, juu liwe chini?"

"Herufi zitasimama kwa vichwa, Mama Vumilia."

"Basi na rubani naye asimame kwa kichwa. Si ana fedha?"

Wanacheka. Wanacheka mpaka Mageni anajifuta machozi kwa kanga. Ni kicheko cha mwisho katika nyumba hiyo wiki hiyo.

*

Jumatatu asubuhi Mabula anakata nusu ya pili ya bango la ushirika, ile yenye nusu nyingine ya ua la pamba. Anatoboa matundu kwa kupima na vidole. Hilo analiweza. Anasubiri jua lifike kwenye benchi. Linafika. Anashika tindo.

Sauti inayotoka safari hii siyo tak. Ni mkwaruzo, mrefu, kama ukucha juu ya bati.

Anafuta kwa kitambaa, anainama zaidi. Anajaribu pembeni. Mstari wa kwanza wa herufi unasimama vizuri, wa pili unaukosa wa kwanza na kwenda zake. Anajaribu tena, na tena. Masele anapita na maneno yake ya kila siku: "Rubani, leo tuna..." Anaona uso wa mwenzake, na sentensi anaimeza.

"Jicho liliniambia nimeandika," anasema Mabula baadaye. "Kidole kikapita juu, kikasema hakuna neno hapa. Miezi miwili tu iliyopita nilichonga lile la kwanza! Miezi miwili! Kumbe nilikuwa namalizia akiba."

Anaweka nyundo chini. Anakaa. Jua linahama benchi, linapanda ukutani, naye kwa mara ya kwanza halifuati.

Mtu huyu alitoa jicho moja kwa dhahabu ambayo hakuivaa. La pili amelitoa kwa redio za watu, kwa sufuria za watu, kwa ndege ya mtu. Hakuna aliyemwibia. Hilo ndilo linalochoma. Kila mtu alilipa bei waliyokubaliana, kila mtu alisema asante, na bado hesabu ya mwisho inamkuta yeye gizani, peke yake, na bamba lenye mikwaruzo.

Mageni anamkuta hivyo saa sita. Haulizi. Anamshika mkono, na Mabula, ambaye siku zote hukataa kuongozwa mbele ya watu, anauacha mkono wake ushikwe. Wanavuka soko hivyo, mpaka dukani kwa Dilip.

"Nikhil, kijana wangu," anasema Mabula mbele ya kaunta, wateja wakisikia. "Siwezi kuchonga tena. Mwambie rubani asinisubiri."

Nikhil anaacha kupima misumari. Yeye anajua namna daktari anavyofunga kitabu.

"Nihamishie swichi za lile la zamani kwenye bamba jipya," anasema hatimaye. "Liwe tupu. Bila maneno."

"Litakuwaje bila maneno? Utazijuaje?"

"Altaf alisema mkono lazima ujue. Nitaufundisha." Anajaribu kutabasamu. "Hata taa zako nyekundu na kijani sizioni tofauti, fundi. Nazijua kwa mahali zilipo tu. Sikutaka kukwambia, ulikuwa umefurahi sana."

Mabula anacheka kidogo, kicheko kikavu. Bamba tupu. Ameishi kwa herufi, na kazi yake ya mwisho haitakuwa na hata moja. Lakini anakubali, kwa kuwa nati anaweza kuzilegeza akiwa amefumba jicho. Friji hakuna. Mabamba matano hakuna. Hilo wote wanalijua, na hakuna anayelitamka.

Wanaporudi kibandani, Mageni anatoa kitu kutoka kwenye kikapu chake na kukiweka juu ya benchi, juu ya mikwaruzo. Ni sufuria. Sio mpya. Kitako chake ni cheusi upande mmoja, na upande mwingine amekisugua kwa majivu mpaka kinang'aa kama kioo.

Mabula anakigusa. Anapitisha kiganja pale palipong'aa. Anaelewa.

"Umesugua lini?"

"Tangu uliporudi kutoka Kolandoto. Kila wiki nasugua, nasubiri kesho yako."

"Sasa waniletea leo? Umeona nilichofanya kwenye bamba."

"Nimeona. Yale yalikuwa ya ndege, madogo kama chawa. Mimi niandike makubwa. Kama ng'ombe wa mnadani. Yakienda upande, ni yangu, nani atacheka?"

Mabula anaigeuza sufuria mikononi. Juu ya mji kuna mlio, mbali, unaelekea magharibi. Hainui uso.

"Niandike Mama Vumilia?" anauliza.

"Vumilia ana mume na ana sufuria zake. Andika Mageni."

Anahesabu kwa vidole juu ya goti, anazitamka herufi moja moja kwa mdomo bila sauti. Sita. Kisha anaitafuta tindo kwa kupapasa, anaipata, anaiweka ndani ya sufuria ili asubuhi asihangaike kuitafuta. Anasema kwa sauti kubwa, makusudi, hata Masele wa kibanda cha pili anaacha kupanga viatu:

"Mageni, sikiliza, na majirani wasikie. Kesho jua likifika kwenye benchi hii, kabla sijagusa swichi hata moja, nachonga jina lako. Jicho likikataa, utanishika mkono na kidole kitaongoza. Lakini kesho hii nakuahidi itafika. Kwenye msiba wangu, mama, sufuria yako haitapotea."